Majaribio ya antibiotiki kwa maambukizi ya mapafu ya NTM: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, na ndugu wanaowasindikiza, pale wanapoambiwa kuwa mapafu yana bakteria wa ukoo wa kifua kikuu lakini si kifua kikuu chenyewe, kisha wakaombwa kufikiria kuingia kwenye jaribio la dawa. Majibu ni ya kukuandaa kuzungumza na daktari wako, si ya kumkwepa. Mwenye haraka na aanze na swali la "Jaribio hupima nini hasa?" kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

## Ugonjwa wenyewe

NTM ni nini?

Ni kifupi kinachotumika kila mahali kwa maikobakteria wasiosababisha kifua kikuu wala ukoma. Spishi zake zimezidi 190, na nyingi hazimdhuru mtu. Zinazosumbua mapafu ni chache. Kundi la *Mycobacterium avium*, linaloitwa MAC, ndilo linaloonekana zaidi sehemu nyingi za dunia. *Mycobacterium abscessus* ni haba kuliko MAC lakini ndiye mkaidi kuliko wote. *Mycobacterium kansasii* ana nafuu kidogo, kwa kuwa husikia dawa vizuri.

Makazi yao ni maji na udongo. Hujishikiza ndani ya mabomba na bomba za kuogea kwa utando laini unaoteleza, na kwa sababu gamba lao la nje limejaa mafuta mazito ya nta, klorini inayomaliza bakteria wengine mara nyingi haiwamalizi hawa.

Je, ni kifua kikuu? Nitawaambukiza wa nyumbani?

Si kifua kikuu, na ugonjwa huu kwa kawaida hauhami kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Huhitaji kutenga vyombo wala kulala chumba cha peke yako. Tahadhari moja ipo: tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2013 na 2016 zilionyesha aina za *M. abscessus* zinazofanana mno miongoni mwa wagonjwa wa sistiki fibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito), jambo lililoashiria kuwa huenda walipokezana, hata kama si uso kwa uso. Ndiyo maana kliniki za wagonjwa hao huwatenganisha.

Mkanganyiko na kifua kikuu huanzia kwenye darubini. Bakteria hawa hushika rangi ileile ya kipimo cha makohozi, kwa hiyo slaidi inaweza kusomeka "chanya" na mgonjwa akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Kipimo cha vinasaba cha kifua kikuu kikirudi hasi wakati darubini imeona vijidudu, hapo NTM inapaswa kufikiriwa. Vivyo hivyo kwa mtu anayeitwa "sugu" kwa sababu dawa za kifua kikuu hazimsaidii. Wako waliomeza dozi nzima ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Kama wako kila mahali, kwa nini mimi?

Wengi wetu huwavuta na kuwatoa bila habari. Wanapata nafasi kwenye pafu lililokwisha kuharibika: njia za hewa zilizotanuka na kulegea, makovu ya kifua kikuu cha zamani, ugonjwa sugu wa mapafu wa wavutaji sigara, sistiki fibrosisi. Dawa zinazoshusha kinga huongeza hatari. Lipo pia kundi ambalo madaktari hulitambua kwa sura: wanawake wa makamo na kuendelea, wembamba, wasiowahi kuvuta sigara. Sababu yake bado inachunguzwa.

Makohozi yameonyesha NTM. Nianze dawa leo?

Pengine hapana. Kwa kuwa bakteria hawa wamo majini, sampuli moja inaweza kuwa imechafuliwa tu, au bakteria wanapita. Vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2007 hudai mambo matatu kwa pamoja: dalili, picha ya mapafu inayoonyesha vinundu, matundu au njia za hewa zilizotanuka, na bakteria haohao kuota kwenye sampuli mbili tofauti za makohozi (au sampuli moja iliyooshwa kutoka ndani ya pafu kwa mpira wa kuchungulia).

Hata ukitimiza vyote, si lazima uanze siku hiyo. Mwenye dalili hafifu na asiye na matundu anaweza kufuatiliwa kwa kipimo na picha. Mwenye matundu, au ambaye darubini inaona bakteria kwenye makohozi bila hata kuwaotesha, hasubirishwi. Uamuzi huu unagusa jaribio pia, kwani baadhi ya majaribio huchukua wale tu ambao hawajawahi kumeza dawa (tazama "Nani huchukuliwa, nani hukataliwa?").

## Dawa zinazotumika sasa

Matibabu ya kawaida ni yapi?

Kwa MAC, dawa tatu: azithromaisini (au klarithromaisini), ethambuto na rifampisini. Asiye na matundu humeza mara tatu kwa wiki. Mwenye matundu humeza kila siku, na mara nyingi huongezewa amikasini au streptomaisini ya sindano kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Dawa huendelea miezi 12 *baada ya* makohozi kuwa safi. Neno hilo "baada ya" ndilo linalowaponyoka wengi: makohozi yakisafika mwezi wa tano, hesabu ya miezi 12 inaanza hapo.

Kwa *M. abscessus* ni vita nyingine. Huanza na awamu kali ya wiki kadhaa yenye dawa za mshipani kama amikasini, imipenemu au sefoksitini, na tigesaiklini, kisha awamu ndefu ya vidonge na dawa za kuvuta. Michanganyiko ni mingi, na wingi huo ni ushahidi kwamba hakuna uliothibitika kuwa bora.

Mbona muda mrefu hivyo?

MAC hukua polepole, na antibiotiki nyingi humpata bakteria akiwa anajigawa. Gamba la nta huzuia dawa kupenya. Baadhi hujificha ndani ya seli za kinga, zilezile zilizotumwa kuwala, na wengine ndani ya matundu yasiyo na damu ya kupeleka dawa. Kuacha mapema ni kukata magugu na kuacha mizizi.

Kwa nini nisipewe dawa moja iliyo kali?

Hili lilijibiwa zamani, kwa gharama ya maisha, na kwa ugonjwa wa ukoo huohuo. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu: wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini bakteria wa wengi waliotibiwa wakawa sugu, na ilipofika miaka mitano tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ilikuwa imekaribia kufutika.

Kwa MAC dawa inayolindwa kwa wivu ni azithromaisini na ndugu yake klarithromaisini. Ikitumiwa peke yake, mabadiliko madogo kwenye kinasaba kimoja cha bakteria hutosha kuizima, na mgonjwa mwenye MAC sugu kwa dawa hizo ni mgumu kumponya. Kwa hiyo mtu mwenye njia za hewa zilizotanuka asianzishiwe azithromaisini ya kila siku kwa ajili ya kikohozi kabla ya kupimwa NTM. Hili nalisisitiza kwa sababu hutokea kwa nia njema kabisa.

Maabara imesema bakteria wangu "wanasikia" dawa fulani. Mbona daktari hafuati karatasi?

Kwa MAC, majibu ya kioo cha maabara hutabiri yatakayotokea kwa mgonjwa kwa dawa mbili tu kwa uhakika wa kutosha: azithromaisini au klarithromaisini, na amikasini. Kwa rifampisini na ethambuto, karatasi inaweza kusema moja na pafu likasema jingine.

*M. abscessus* ana hila yake. Hubeba kinasaba kinachoitwa erm(41), ambacho hulala mpaka kikutane na dawa za kundi la azithromaisini. Siku ya tatu ya kipimo bakteria anaonekana anasikia dawa. Akiachwa hadi siku ya 14, ameshajifunza kuikataa. Maabara isiyosubiri siku 14, au isiyosoma kinasaba chenyewe, itakupa jibu la kufurahisha lisilo la kweli. Nduguye, aina ya *massiliense*, ana kinasaba hicho kikiwa kimekatika, na hivyo dawa humfaa. Uliza maabara imetaja aina ndogo ipi. Ni swali la sekunde kumi linaloweza kubadili matibabu ya mwaka mzima.

## Jinsi majaribio yanavyofanywa

Dawa zipo. Majaribio ya nini tena?

Kwa sababu sehemu kubwa ya mwongozo wa matibabu imesimama juu ya ushahidi hafifu: kumbukumbu za kliniki moja, makundi madogo, na busara iliyoazimwa kutoka kifua kikuu. Hata swali la msingi kabisa, kama rifampisini inahitajika kweli kwenye dawa tatu za MAC, lilisubiri miaka mingi kabla ya jaribio la MAC2v3 la Amerika Kaskazini kulinganisha dawa mbili na tatu ana kwa ana. Na halikuwa swali la kitoto. Rifampisini huharakisha ini kuvunja dawa nyingine, ikiwemo klarithromaisini, na inachangia kichefuchefu kinachowafanya watu waache matibabu.

Sababu nyingine ni uhaba wa wagonjwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 huuita ugonjwa adimu ule wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo, na huwapa watengenezaji nafuu ili wasiukimbie. Hata kwa nafuu hizo, kupata wagonjwa mia tatu wanaofanana huhitaji hospitali nyingi katika nchi nyingi.

Jaribio hupitia hatua zipi?

Hatua ya kwanza hupima usalama na dozi, mara nyingi kwa watu wazima wenye afya. Ya pili hutafuta dalili kwamba dawa inafanya kazi kwa wagonjwa wachache. Ya tatu hulinganisha kwa wagonjwa wengi zaidi na ndiyo inayoamua idhini. Ya nne hufuatilia dawa ikiwa tayari imeidhinishwa. Ukiombwa kushiriki, swali la kwanza liwe "hii ni hatua ya ngapi?", maana ahadi ya hatua ya pili si ahadi ya hatua ya tatu.

Jaribio hupima nini hasa?

Kipimo kikuu kimekuwa makohozi kusafika: kwa kawaida sampuli tatu mfululizo zisizootesha bakteria, zikipishana wiki nne au zaidi. Kipimo cha pili ni mgonjwa mwenyewe: kikohozi, uchovu, pumzi, umbali anaotembea kwa dakika sita, majibu ya dodoso kuhusu maisha yake ya kila siku.

Tatizo ni kwamba vipimo hivi viwili haviendi pamoja sikuzote. Jaribio la CONVERT, lililochapishwa mwaka 2018, lilichukua wagonjwa 336 wa MAC ambao walikuwa wametibiwa angalau miezi sita bila makohozi kusafika. Theluthi mbili waliongezewa amikasini ya kuvuta, iliyofungwa ndani ya vipovu vya mafuta ili iingie kwenye seli za kinga walimojificha bakteria. Waliobaki waliendelea na dawa zao. Kufikia mwezi wa sita makohozi yalikuwa yamesafika kwa asilimia 29.0 ya walioongezewa na asilimia 8.9 ya wenzao. Lakini mwendo wa dakika sita haukutofautiana.

Kisha likaja jaribio la epetraborole, kidonge kipya kabisa kilichojaribiwa dhidi ya plasebo (kidonge bandia kisicho na dawa) kwa MAC iliyokataa dawa. Huko mambo yaligeuka: waliosema wanajisikia nafuu walikuwa wengi zaidi upande wa dawa, ila makohozi yao hayakusafika zaidi ya yale ya upande wa plasebo kwa kiwango cha maana. Februari 2024 uandikishaji ulisimamishwa, na Agosti mwaka huohuo jaribio likafungwa.

Sasa jiulize wewe ungechagua ipi. Mimi naegemea upande wa makohozi kwa mwenye matundu, kwa kuwa bakteria wanaobaki humo huendelea kulila pafu hata siku anazojisikia vizuri. Kwa mama wa miaka 78 mwenye vinundu vichache, ningetaka kwanza kujua kama anapanda ngazi bila kusimama. Vyovyote iwavyo, fomu ya jaribio inapaswa kukuambia kinachopimwa ni nini na lini. Isipokuambia, uliza.

Jaribio la CONVERT lilileta nini?

Septemba 2018 Marekani iliidhinisha amikasini hiyo ya kuvuta kwa MAC iliyokataa matibabu, kupitia njia maalumu ya dawa kwa makundi madogo yenye mahitaji makubwa. Ulaya ilifuata mwaka 2020, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka huo ukapendekeza iongezwe kwa mgonjwa ambaye miezi sita ya dawa haijamsafisha. Haikuwa bure: karibu nusu ya walioivuta sauti zao zilikauka au kupotea, na kikohozi kiliongezeka. Majaribio yaliyofuata, ARISE na ENCORE, yaliipeleka kwa watu ambao ndio kwanza wanaanza tiba.

Je, nitapewa plasebo badala ya dawa?

Kwa ugonjwa huu plasebo hutumiwa kwa namna tatu. Mara nyingi huongezwa *juu ya* dawa za kawaida: wote mnatibiwa, mmoja anaongezewa dawa mpya na mwingine kitu kinachofanana nayo. Wakati mwingine wagonjwa wasio na haraka ya kutibiwa hupewa plasebo peke yake kwa muda mfupi unaojulikana, kisha wakaendelea na tiba. Na wakati mwingine hakuna plasebo kabisa. CONVERT ilikuwa hivyo, kila mtu alijua anachotumia. Kwa kipimo cha makohozi hilo halina madhara makubwa, maana bakteria hajui umeambiwa nini. Kwa kipimo cha "unajisikiaje?" ni udhaifu wa wazi.

Kwa nini nisichague kundi mwenyewe?

Kwa sababu wenye hali mbaya wangeikimbilia dawa mpya, na mwishoni tusingejua kama tofauti ni ya dawa au ya wagonjwa. Kompyuta hupanga kwa bahati nasibu. Daktari wako pia hana sauti katika hilo, na asijaribu kukuahidi.

Nimesikia kuna jaribio lisilo na mwisho uliopangwa. Ni lipi?

Pengine ni FORMaT, lililoanzia Australia kwa ajili ya *M. abscessus*, kwa watu wazima na watoto. Badala ya kujaribu mchanganyiko mmoja na kufunga, hujaribu michanganyiko kadhaa kwa hatua, huku takwimu zikichambuliwa njiani ili zinazoshindwa ziondolewe na mpya ziingizwe. Kwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache, huu ndio muundo ninaouamini zaidi, kwa kuwa hakuna mgonjwa ambaye mchango wake unatupwa.

## Kushiriki

Nani huchukuliwa, nani hukataliwa?

Kila jaribio lina orodha yake, lakini haya hurudi mara kwa mara: bakteria waliothibitishwa kwa kuotesha katika miezi ya karibuni, umeshatibiwa au hujatibiwa, kulingana na swali la utafiti, usikivu wa bakteria kwa azithromaisini, figo, ini na moyo katika hali inayokubalika. Kifua kikuu kinachoendelea, ujauzito, kupandikizwa pafu na saratani inayotibiwa kwa kawaida humweka mtu nje. Kukataliwa si hukumu juu ya afya yako. Huenda ini lako liko sawa kabisa kwa tiba ya kawaida, ila jaribio linataka lililo sawa zaidi.

Nitatakiwa kufanya nini, hasa?

Zaidi ya yote, kutoa makohozi. Kila mwezi, mara nyingi sampuli zaidi ya moja, kwa mwaka au zaidi. Sampuli nzuri ni ya alfajiri, kabla ya kula, iliyotoka chini kifuani, si mate. Usisukutue mdomo kwa maji ya bomba kabla ya kukohoa, kwa sababu bakteria wa bomba wanaweza kuingia kwenye kikopo na ukahesabiwa mgonjwa wa mwezi huo. Tumia maji salama utakayopewa. Kikopo kifungwe kabisa na kikae kwenye jokofu mpaka kifike maabara.

Kule maabara sampuli huchanganywa na kemikali kali inayoua bakteria wa kawaida wa mdomoni na kooni, la sivyo wangejaa chupani kabla ya MAC kuamka. Kemikali hiyo huua pia sehemu ya bakteria tunaowatafuta. Kilichobaki huwekwa kwenye chupa ya majimaji yenye joto la mwili na kuachwa hadi wiki sita. Kwenye bamba gumu muda huwa mrefu zaidi. Kwa hiyo sampuli moja hasi ni fununu tu, na ndiyo sababu zinadaiwa tatu. Pia ndiyo sababu majibu ya mwezi Machi unaweza kuyapata Mei.

Mengine: damu, kipimo cha macho na masikio, dodoso, picha ya CT mwanzoni na baadaye. Ikiwa dawa ni ya kuvuta, tenga muda wa kuivuta na wa kuosha na kuchemsha kifaa. Amikasini ya kuvuta ya CONVERT huchukua kama dakika 14 kila siku, na watu hulisahau zoezi la kuosha wanaposema "ni dakika kumi na nne tu".

Madhara gani niyaangalie?

Ethambuto: macho. Rangi nyekundu na kijani zikianza kufifia, au maandishi yakipata ukungu katikati, acha kumeza na piga simu siku hiyohiyo, usingoje miadi. Ukiwahi, mara nyingi uoni hurudi.

Amikasini: masikio, usawa wa mwili na figo. Mlio masikioni huanza kabla ya uziwi, na uziwi wenyewe haurudi nyuma.

Azithromaisini husumbua tumbo, na kwa wachache masikio na mapigo ya moyo. Rifampisini hugeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya machungwa, jambo lisilo na hatari, lakini pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine nyingi, jambo lenye hatari. Klofazimini hufanya ngozi iwe nyeusi au nyekundu-kahawia kwa miezi, na hubaki mwilini muda mrefu baada ya kuachwa. Linezolidi hushusha chembe za damu na hutia ganzi miguuni.

Kwenye jaribio kila kitu huandikwa, hata mafua. Usikifiche kwa kuogopa kutolewa.

Nani ananilinda?

Kamati ya maadili husoma mpango mzima kabla ya mtu wa kwanza kuandikishwa. Bodi huru ya usalama huangalia takwimu jaribio likiendelea na inaweza kulisimamisha. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, linataka ridhaa yako ipatikane baada ya wewe kuelewa, na linakupa haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Fomu ya ridhaa ichukue nyumbani, usiisaini mapokezini.

Nikijitoa katikati?

Unaruhusiwa, bila kutoa sababu. Ila usiache dawa ghafla kwa hasira ya siku moja: ukibaki na dawa moja kati ya tatu unatengeneza usugu (tazama "Kwa nini nisipewe dawa moja iliyo kali?"). Muage daktari wa utafiti na mpange utarudi kwenye tiba ipi. Watakuomba pia uendelee kutoa makohozi hata kama humezi dawa yao. Hilo unaweza kulikubali au kulikataa.

## Hali zisizo za kawaida

Sina makohozi ya kutoa. Nimepona?

Inaweza kuwa habari njema, na inaweza kuwa makohozi yamekauka tu. Kuna njia ya kuyachokoza kwa kuvuta mvuke wa maji ya chumvi. Majaribio hutofautiana kuhusu mtu asiyeweza kutoa chochote: mengine humhesabu kuwa amesafika, mengine humhesabu kama jibu lililokosekana. Tofauti hiyo ndogo inaweza kusogeza asilimia za matokeo, kwa hiyo ukisoma ripoti, itafute.

Nilisafika, nikaacha dawa, sasa wamerudi. Jaribio lilishindwa?

Si lazima. Bakteria waliorudi wanaweza kuwa walewale waliojificha, au wapya kutoka kwenye maji. Njia ya kujua ni kulinganisha vinasaba vya bakteria wa mwanzo na wa sasa, na ndiyo maana majaribio makini huhifadhi bakteria wa kila mshiriki kwenye friza. Kwa MAC yenye vinundu, maambukizi mapya ni ya kawaida. Wakiwa walewale, daktari atapima upya usikivu wao kabla ya kurudia dawa zilezile.

Vipi kuhusu virusi vinavyokula bakteria?

Vinaitwa bakteriofaji. Mwaka 2019 iliripotiwa habari ya kijana wa Uingereza mwenye sistiki fibrosisi, aliyepandikizwa mapafu na kuvamiwa na *M. abscessus*, ambaye alipata nafuu kwa mchanganyiko wa virusi vitatu. Mwaka 2022 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 20 wa maikobakteria waliotibiwa hivyo baada ya dawa kushindwa. 11 walionyesha mwitikio mzuri. Inavutia, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kila mgonjwa alihitaji virusi vilivyotafutwa kwa ajili ya bakteria wake. Wapo ambao bakteria wao hawakupatiwa kirusi kinachowafaa.

Je, upasuaji unahesabiwa?

Kwa mwenye uharibifu wa sehemu moja tu ya pafu, kuikata pamoja na kumeza dawa kunaweza kusaidia. Majaribio mengi ya dawa humwondoa aliyepanga kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa isingejulikana kilichomsafisha ni kisu au kidonge.

Jaribio limefungwa na dawa ilikuwa inanisaidia. Nitaendelea kuipata?

Inategemea kilichoandikwa kwenye fomu uliyosaini. Baadhi ya majaribio yana awamu ya nyongeza ambapo washiriki huendelea kupewa dawa. Mengine huishia siku ya mwisho. Dawa ikiwa imefungwa kwa sababu ya usalama, hakuna atakayekupa. Ikiwa imefungwa kwa kukosa matokeo kwa jumla ingawa wewe umesafika, daktari wako anaweza kumwandikia mtengenezaji aitoe kwa huruma, na mtengenezaji hana wajibu wa kukubali. Swali hili liulize kabla ya kusaini, na uombe jibu lake kwa maandishi.